Gari la Kumshusha Mama Bondeni

Lisekese,
S.L.P. 114,
Masasi.

22 Septemba 2024

Mpendwa Mjomba Kasiani,

Shikamoo Mjomba. Nakuandikia Jumapili asubuhi, nimekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma. Wenzangu wamekwenda kanisani, na mimi nimebaki kwa kisingizio cha mgongo. Goti lako linasemaje siku hizi? Mvua za huko Korogwe zimekuachia unapumua, au bado unalala umelifunga kitambaa? Na mkaza mjomba Mwanakombo, bado anakukataza chumvi na wewe bado unaiiba? Najua simu inakupigia kelele tu sikioni, ndiyo maana nimeshika kalamu. Tena jambo lenyewe si la kupaza sauti.

Sisi hatujambo. Mke wangu Oliva mzima, watoto wazima. Korosho zimeanza kudondoka na uwanja wote unanuka mabibo. Mchana nikijinyoosha kidogo nazisikia zinavyoanguka, moja, kisha kimya, kisha nyingine, mpaka sijui kama nimelala au niko macho. Unanifahamu Mjomba. Tangu utoto mnaniita Dastani wa ndotoni, na umri huu sijapona.

Mama mwili wake uko salama, ila ile nyonga aliyoiumiza alipoanguka bado haitaki mtikisiko. Macho ndiyo yaliyotuangusha. Mwaka jana mwezi wa tisa daktari alimpima akasema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, dawa ya matone inazuia tu kidogo. Kuona kwake kukawa kama kwa mtu anayechungulia kwenye bomba. Kilicho mbele anakiona, cha pembeni hana habari nacho, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba.

Siku ile hakulia. Tulipofika nyumbani aliniambia neno moja tu: "Nipeleke kwa mama kabla hakujawa giza."

Nadhani unaelewa alichomaanisha kuliko mimi. Bibi alizikwa kule Chilindi, bondeni chini ya Newala, kabla watu hawajahamishiwa juu. Kaburi halina msalaba wala saruji. Wewe ulikuwa huko kwenye mkonge, habari ikakufikia miezi miwili baadaye. Waliochimba wote wamekwisha kufa. Aliyebaki anayelijua kaburi la mama yenu ni Mama, mdogo wako Dorika, peke yake, na analijua kwa macho. Macho yakifunga, bibi amepotea.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mwanaye ni fundi. Nilikuwa na ile Land Cruiser mkonga, yenye bomba la hewa ubavuni, niliyoinunua kwenye mnada, imara lakini ngumu, springi zake za mabamba ya chuma, za kubebea mizigo, ukipita kwenye tuta unaumia mpaka meno. Njia ya kushuka Chilindi nayo imechimbwa na maji, makorongo ya kumficha mbuzi. Nikaona hapa panatakiwa gari refu kwenda juu na laini kwa pamoja. Refu lipite, laini lisimuumize Mama. Springi za namna hiyo na shokapu zake ndefu hazitoki na gari, zinatengenezwa na watu wengine huko nje. Nikaagiza seti nzima kwa muuzaji mmoja wa Dar es Salaam. Akasema wiki tatu.

Mjomba, sasa usicheke. Nilizifungua springi za zamani siku ileile. Gari nikalipandisha juu ya magogo ya mkorosho. Na unatujua sisi watu wa huku, hatuwezi kuona chuma kizuri kimelala. Kabla wiki haijaisha mzee Bwanali, mhunzi wa Chiwata, alikuja na baiskeli akaviangalia vile vyuma kama mtu aliyeona nyama ya sikukuu. Nikampa. Msimu wa kulima ulikuwa mlangoni, nikaona ni thawabu.

Wiki tatu zikapita. Muuzaji akasema kiwanda kimeishiwa, tuko kwenye foleni. Mwezi wa kumi na mbili akasema meli imezunguka. Mwezi wa pili akasema zimefika lakini za gari jingine. Kila nikipiga ananijibu kwa upole, "Zipo njiani, bosi," mpaka nikawa naiona hiyo njia usingizini, ndefu, haina mtu.

Mwezi wa tatu nilikata tamaa nikaenda Chiwata kuziomba springi zangu. Mzee Bwanali alinikaribisha kiti, akaninywesha uji, akasikiliza yote. Kisha akanionyesha shamba la jirani yake, watu wanapalilia kwa majembe mapya. "Zile pale," akasema. "Chuma kikishaonja moto wangu hakirudi garini, mwanangu." Nusu ya kijiji inalima kwa gari la Mama. Nilirudi nyumbani kwa miguu sehemu kubwa ya njia, na sikuwa hata na hasira, nilikuwa kama mtu aliyeota kwamba ameibiwa na mwizi ni yeye.

Utauliza kwa nini sikutafuta springi nyingine zozote, au nisimkodie pikipiki. Pikipiki kwa nyonga ile haiwezekani. Na springi nyingine, nitakuambia ukweli kwa kuwa wewe ni mjomba wangu: nilikuwa na kiburi. Nilikwisha kuliona gari hilo kichwani, limesimama juu, linashuka bondeni kama linaelea, Mama kiti cha mbele na kanga yake mpya. Sikutaka kumpeleka na kitu kingine. Niliipenda ile picha kuliko kalenda.

Ila Mjomba, miezi ile ilikuwa na utamu wake, nikisema hapana nitadanganya. Jioni jua likipoa Mama alikuwa anakuja anapapasa mlango, nampandisha kwenye kiti cha abiria, nami nakaa kwenye usukani, gari halina hata gurudumu moja. Tunasafiri. Anasema hapa tumepita Kitangari, punguza, hapa tumefika Newala, sasa shika breki tunashuka. Anaeleza harufu ya matete, baridi ya mchanga pale walipokuwa wanachota maji. Mwisho tunafika kaburini. Kila jioni ananielekeza vilevile: simama uangalie ng'ambo ya Ruvuma, kuna vilima viwili, kikubwa na kidogo. Sogea mpaka kidogo kijifiche nyuma ya kikubwa, kibaki kichwa tu. Hapo chini ya miguu yako ndipo alipo mama. Na mimi nilikuwa nasikia kabisa gari limezimwa injini, inapoa.

Mwezi wa sita, hewa ilipokuwa safi na bado anauona uso wangu, springi hazikuja. Wa saba hazikuja. Mwisho wa mwezi wa nane zikaja za nyuma peke yake. Za mbele, akasema, bado ziko kwenye foleni.

Asubuhi ile Mama alimimina chai pembeni ya kikombe, akaendelea kumimina. Hapo ndipo nilipozinduka. Nikafunga zile mpya nyuma, mbele nikafunga za gari bovu nililolikuta mjini, ngumu kama mlango wa jela. Nikamtandikia Mama godoro nyuma, palipo laini, Oliva akakaa naye amemshika. Mbele nikakaa na mateso yangu. Picha niliyokuwa nimeichora haikuwa hiyo, lakini tulikwenda, Jumamosi ya tarehe saba.

Kushuka kulituchukua saa tatu. Nilikuwa nasimama kila korongo, nashuka, naangalia, napanda. Nyuma nawasikia wanaimba polepole. Mama alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu baba afe. Kila mara anauliza tumefika wapi, nikimwambia anatikisa kichwa kama mtu anayesomewa barua.

Chini kulikuwa na moshi. Watu wanachoma mashamba msimu huu, unajua, na ng'ambo haionekani, ni weupe mtupu. Tukamshusha. Akavua viatu. Akasema tumwachie, asishikwe mkono, akaanza kutembea peke yake kwa kupapasa na nyayo, kutoka pale palipokuwa na njia ya kisimani. Mimi na Oliva tulimfuata nyuma kama watoto. Alikwenda, akakata kulia, akasimama, akarudi kidogo. Halafu akapiga magoti.

"Ni hapa," akasema. "Magoti yangu yamepajua."

Akafungua kifundo cha kanga akatoa unga wa mtama wa kutambikia, akaumimina taratibu mpaka ukawa kichuguu kidogo kizuri. Akasali Baba Yetu, kisha akamsemesha mama yake kwa Kimakonde, akakutaja na wewe, Mjomba. Alisema Kasiani hakuja kukuzika kwa sababu hakupata habari, usimhesabie. Hayo nakufikishia kama yalivyo. Alilia kidogo, kilio cha mtu aliyetua mzigo.

Wakati bado anasema, upepo ulipita. Ule weupe ng'ambo ukachanika, vilima vikatokea, viwili, kikubwa na kidogo. Kile kidogo kilikuwa kimesimama peke yake pembeni, chote, kinaonekana mpaka miguuni.

Nikajifanya naangalia gari, nikasogea upande wa juu, hatua moja moja huku nakitazama kile kilima, mpaka kikaingia nyuma ya mwenzake kikabaki kichwa tu. Hatua thelathini, Mjomba. Hapo pana mawe matatu yamezama ardhini na majani yamelala namna yake. Nilisimama hapo nikamtazama Mama kwa mbali, amepiga magoti kwenye ardhi tupu, mikono yake myeupe kwa unga. Nikarudi. Alinishika bega akaniuliza, "Umepaona vizuri? Sasa ni wewe unayepajua." Nikamjibu, "Nimepaona, Mama." Kila neno lilikuwa kweli na jibu lote lilikuwa uongo.

Aliniomba niweke mawe pale, nikaweka. Njia nzima ya kurudi alilala. Sijamwambia mtu mpaka leo, hata Oliva. Macho sasa ndiyo yamekwisha. Tangu Jumatano hata mwanga wa dirishani hauoni, lakini hanung'uniki. Anasema amewahi.

Amewahi, Mjomba. Neno hilo linanichoma. Ningempeleka mwezi wa sita angewahi kweli. Muuzaji ana lawama yake na Mungu atamuuliza, lakini aliyekaa kwenye gari lisilo na magurudumu anaota ni mimi.

Springi za mbele zimefika jana, fikiria. Zimefungwa vizuri kwenye boksi, zinang'aa. Mama amezipapasa akacheka, akasema sasa tutakuwa tunakwenda kila mwaka kupalilia kwa bibi kabla ya mvua, na safari ijayo anataka kukaa mbele.

Kwa desturi yetu wewe ndiye mkubwa wa ukoo, na aliyelala kule ni mama yako kabla hajawa bibi yangu. Kwa hiyo naliweka mikononi mwako. Ukisema nimwambie, nitamwambia, nimpeleke kwa mkono mpaka kwenye yale mawe matatu, na Mungu anisaidie siku hiyo. Ukisema ninyamaze, nitamshusha palepale alipopachagua, apalilie, amwage unga wake, aseme na mama yake. Nami nitamwambia naenda kuangalia gari, nipande zile hatua thelathini, nimwambie bibi kwamba binti yake amekuja, yuko hapo chini, anamwita.

Naomba jibu kabla mvua haijakata njia.

Nisalimie mkaza mjomba Mwanakombo, na dada Faidha na wanawe. Oliva anakupigia magoti. Mama anakusalimu sana, anasema ukija hatakuona ila atakujua kwa kikohozi. Mungu akulinde goti na roho, akupe miaka ya kutosha kuja kusimama Chilindi mwenyewe.

Mpwa wako akupendaye, mwenye kosa na mwenye heshima,

Dastani