Ua la njano kwenye kapu la mgagani

Somoe, nililiona kwanza ua. Dogo, la njano. Mboga ya mgagani ua lake jeupe, wewe unajua!

Na jani lilikuwa na vidole vitatu, siyo vitano. Mikono ikanata. Nikachuma tu, kapu lijae.

Mama mkwe kaila, ametapika tangu adhuhuri. Sasa anakunywa uji, alhamdulillahi.

Kamgeukia wifi Mwanahamisi: "Mboga umeipikaje? Jiko hulijui wewe!"

Wifi analia: "Mama, nimepika alichochuma Rukia."

"Rukia wangu? Huyo mboga anazijua kuliko mimi!"

Kuliko yeye, Somoe, ndivyo alivyonisifu! Mbele ya majirani. Nikainama, nikasugua sufuria ambayo ilishatakata.

Wifi hana kosa. Nilijua tangu shambani kwamba ule siyo mgagani.