Isipokuwa Barabara Ikiwa Imelowa

Ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo
Jumatano, tarehe 17 Aprili

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Hujambo wewe, na wifi yangu hajambo, na wale mapacha wenu kikohozi kimewaachia? Sisi huku wazima. Mama presha yake imeshuka na ulimi wake umepanda, kwa hiyo ujue afya ipo. Goti langu la kulia linanisumbua kwenye ngazi, lakini halijanishinda, na leo sitaki ulitumie kunihurumia.

Barua yako niliipata Ijumaa asubuhi, nikaisoma nimesimama mlangoni, funguo za basi mkononi. Unanishauri nitie saini ile karatasi ya kazini, yaishe. Mdogo wangu, nakupenda, lakini hapo umechemsha. Tulia nikueleze yote, maana kwenye simu ulikuwa unanikatiza.

Kile kitufe cha kushikilia mwendo unakijua, lori lako pia linacho. Ukifika themanini unakibonyeza, gari linajishikilia hapo hapo na mguu wako unapumzika. Sisi yadini tunakiita Shemeji, kwa sababu wakati wa raha yupo kitini anatabasamu, likizuka jambo humwoni. (Mashemeji zangu wa kweli wanisamehe, isipokuwa mmoja, na anajijua.) Sina ugomvi naye. Jua likiwaka na barabara ikiwa kavu namwachia kazi, na goti linanishukuru.

Ugomvi umeletwa na meneja wetu mpya wa safari. Alibandika tangazo karibu na birika la chai: kwenye barabara kuu kitufe kiwashwe wakati wote, dizeli ipungue. Kila basi likafungwa kiboksi kinachopeleka habari ofisini ukikizima. Wakati wote! Aliyeandika maneno hayo hajawahi kushika usukani mvua ikipiga kioo hadi waipa zinaomba msamaha.

Unamkumbuka Kijiko, yule mwenzangu mwembamba anayekoroga chai dakika kumi? Siku moja baada ya tangazo hilo tulikuwa tunawapeleka wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, yeye mbele, mimi nyuma. Mvua ikatukuta barabara kuu. Mimi nikamzima Shemeji, nikashuka hadi hamsini, nikaacha nafasi ya mabasi manne. Kijiko alikuwa na onyo moja tayari la kukizima kitufe, akaogopa la pili, akamwacha Shemeji kazini.

Sekunde chache baadaye, pale barabara inapobonyea baada ya kituo cha mafuta, maji yalikuwa yametuama. Nikaona mkia wa basi lake unayumba, na hapo hapo nikasikia injini inapandisha sauti kama inapanda mlima, na mlima wenyewe haupo. Tairi zilikuwa zinaelea juu ya maji, hazigusi lami. Shemeji hajui maji ni nini. Yeye anajua themanini tu. Akiona mwendo unapungua anaongeza mafuta, na ndipo hasa pa kuyapunguza. Mguu wa Kijiko ulikuwa umekunjwa chini ya kiti. Ulipofika kwenye breki aliikanyaga kwa hofu, basi likageuka ubavu likaingia mtaroni.

Hakufa mtu, tushukuru. Mama mmoja wa kitengo cha kufungasha alivunjika mtulinga, na mimi ndiye niliyemshika mkono tukisubiri gari la wagonjwa. Alikuwa ananiuliza kama watoto wake wameshaambiwa. Nilikasirika, Kitinda, na hasira ile sijaimaliza.

Wiki iliyofuata Kijiko aliletewa karatasi, akatia saini miwani ikiwa mfukoni. Nilipomsomea baadaye ndipo akajua amekiri kwamba alizembea. Sasa anaosha mabasi. Kisha ikaja zamu yangu: kwamba nimezima kitufe mara kumi na moja kwa ukaidi, na kwamba kuanzia sasa nitakitumia wakati wote. Nisiposaini kufikia Ijumaa, sina basi.

Meneja hana roho mbaya, nisimsingizie. Alinipa kiti, akaniambia mashine haichoki, mama, anayechoka ni binadamu. Nikamwambia kweli bosi, haichoki, na pia hailowi. Akacheka, nikadhani tumeelewana. Wapi!

Na wewe unaniandikia: saini tu dada, halafu mvua ikinyesha fanya unavyojua. Nitafanyaje ninavyojua na kiboksi kinanisemea? Na hata kisingesema. Jina langu likikaa chini ya maneno yale, dereva atakayekuja baada yangu ataonyeshwa: mbona huyu wa miaka ishirini na mbili barabarani alikubali? Sikubali. Hata ukoo mzima mkinipigia magoti, sikubali.

Basi hiyo Ijumaa nikaingia ofisini na kalamu yangu mwenyewe. Penye “kwa ukaidi” nikapiga mstari, nikaandika “kwa sababu ya mvua”. Penye “wakati wote” nikaongeza kwa herufi kubwa: ISIPOKUWA BARABARA IKIWA IMELOWA. Nikasaini, nikaweka tarehe. Karani wetu hugonga mhuri kila kinachopita mbele yake, hata risiti ya maandazi angeigonga, naye akagonga, pwaa! Nikamwomba nakala, akanitolea. Meneja kutoka chumbani mwake, nakala ilikuwa imeshabandikwa juu ya tangazo lake, pale pale karibu na birika. Usiniulize nani aliibandika. Ana mikono myembamba na chai yake ilikuwa inapoa.

Jumamosi nikanyang'anywa funguo. Nimeambiwa nikae nyumbani hadi wakubwa wakutane, na huenda wakanifukuza moja kwa moja. Naogopa, nisikudanganye. Kazi ile ndiyo dawa za Mama, na mimi bila usukani sijui nikae vipi. Tangu juzi nimeshasugua masufuria yote, hata yasiyo na kosa. Lakini wakinipa karatasi nyingine nitaandika maneno yale yale. Nilipomweleza Mama, aliniuliza tu kama niliandika kwa mwandiko unaosomeka. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi, teleka chai.

Leo mchana mvua imeshuka hasa. Unajua dirisha letu linavyotazama barabara kuu. Nikasogeza kiti nikakaa. Basi letu la kwanza likaja, na kabla halijafika kwenye maji yanayotuama pale chini ya dirisha nikasikia injini inashuka, taratibu, kwa adabu. Ule ni mguu wa mtu, siwezi kuukosea. Likaja la pili, vile vile. Nimeyahesabu tisa, na yote tisa yana viboksi. Nililia kidogo, kisha nikafuta pua nikaenda kuanika nguo ndani.

Sasa nakugeukia wewe. Ulidhani nimeruka ule ukurasa wa mwisho? Umejisifu kwamba huko mvua hainyeshi, inahamia, na kwamba siku hizi unakunja miguu ukaliachia lori hata kwenye maji. Nilisoma mstari huo mara tatu. Kitinda, mvua ikianza, hata manyunyu, kizime kabla hujafika kwenye maji. Mguu uwe pale unapotakiwa, mwendo ushuke, nafasi mbele yako iongezeke. Ukihisi tairi zinaelea, toa mguu kwenye mafuta polepole, shika usukani unyooke, na breki usiikanyage kwa pupa. Wala usiniambie lori lako ni la kisasa. Maji ni yale yale ya zamani.

Mama anakusalimu, anasema upige picha ukiwa umevaa sweta lake, si kulikunja kabatini. Kijiko anakusalimu kwa mikono yenye povu. Mwambie wifi nimemkumbuka, na mapacha uwabane mashavu kwa niaba yangu. Mungu akufungulie njia, na kila safari akupe na ya kurudia.

Ndani ya bahasha kuna kipande cha karatasi chenye maneno yangu manne, kwa mwandiko unaosomeka. Kibandike juu ya kile kitufe. Mimi nimenyang'anywa basi kwa sababu ya maneno hayo. Nisije nikasikia kwamba aliyeyapuuza ni wa tumbo moja na mimi.

Dada yako akupendaye, mkaidi kwa maandishi na kwa mhuri,
Mama Usukani