Mkono Ambao Hukuufinya

Baba,

Nimekukasirikia, na kwa kuwa hupatikani tena kwa simu, naandika. Najua ungesema kwamba mtu akifa amekwisha, na kumwandikia barua ni kuharibu wino. Basi niache niharibu. Wino ni wangu.

Mama haketi tena kwenye benchi la mbele kanisani. Ameacha uenyekiti wa umoja wa akina mama, na kile kitambaa cheupe cha kichwa alichokuwa akikipiga pasi kila Jumamosi amekikunja akakitia chini ya godoro. Wenzake waliokuwa wakijaa pale nyumbani mtaa wa Jericho hadi viti vinaazimwa kwa jirani, siku hizi wanakuja wawili, wanakunywa chai nusu kikombe, wanakumbuka kuna mahali wanangojwa. Miguu yake imevimba. Presha haishuki. Daktari ameniambia nisimsumbue kwa mambo mazito, moyo umechoka. Mimi bado nauza mapazia kule Eastleigh, na mwisho wa wiki nampelekea matunda na dawa. Ananisalimia vizuri, ananipakulia chakula, lakini hanitazami machoni.

Yote haya ni kwa sababu ya mkono wako, Baba.

Siku mchungaji alipokuja wodini ulikolazwa, Mama alikuwa kitandani nyumbani kwa presha. Kando ya kitanda nilikuwa mimi peke yangu. Mchungaji alikuwa mpole, siwezi kumsingizia. Alikushika mkono wa kulia, akainama karibu na sikio lako, akakwambia, "Mzee, kama unampokea Bwana, hata usijisumbue kusema. Finya tu mkono wangu." Ukauchomoa mkono. Ukauingiza chini ya blanketi. Na wewe ambaye kugonga mabati Kamukunji kulikumaliza masikio, ukawa huwezi tena kunong'ona, ukasema "Hapana" kwa sauti iliyogeuza vichwa vya wodi nzima. Mgonjwa wa kitanda cha dirishani akasema, "Ala!" Mchungaji akaomba sala fupi, akavaa koti lake akaenda.

Halafu ukaomba uji. Ukauonja, ukakunja uso, ukasema, "Huu uji hauna sukari." Ukalala. Hukuamka.

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho, na mimi ndiye uliyeniachia niyabebe.

Ungefinya tu, Baba! Ungepungukiwa na nini? Mkono uliokunja mabati maisha yake yote ulishindwaje kufinya vidole vya mchungaji mara moja, kwa ajili ya mwanamke aliyekufulia maovaroli yenye kutu tangu kabla sijazaliwa? Si ulikuwa unampenda? Nilikuona kila Jumapili ukimsindikiza hadi langoni mwa kanisa, umembebea Biblia na mwavuli, kisha ukienda kwa kinyozi kusoma gazeti mpaka ibada iishe. Mvua inyeshe isinyeshe, ukirudi kumngoja pale pale. Mama aliniambia kwamba kila Jumapili alikuwa akigeuka mlangoni kukutazama, akidhani leo ndiyo leo. Wewe ulikuwa unampungia mkono tu.

Tulipoanza matanga, wazee wa kanisa walikuja kukaa nasi sebuleni. Kanuni unaijua. Asiyekuwa mshirika haingizwi kanisani, wala mchungaji havai joho kwa ajili yake. Mama alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, amejifunga leso, anatazama magoti yake. Mchungaji akanigeukia mimi. Hakuwa ananitega, Baba, alikuwa ananifungulia mlango. "Mwanangu Nyambura," akasema, "mimi niliondoka jioni. Wewe ulibaki naye. Huenda kuna neno alilolisema baadaye. Mungu husikia hata lile dogo."

Mama akainua uso. Sijawahi kuona uso wa mtu ukiomba namna ile.

Nikasema, "Hakusema neno lolote juu ya Mungu. Alisema uji hauna sukari."

Kuna mtu jikoni alicheka, kisha akajizuia. Mama akarudisha macho yake magotini, na baada ya siku hiyo yakawa hayanirudii mimi.

Basi tulikupeleka kukuzika Murang'a bila kupitia kanisani. Jeneza lilipita mbele ya lango lile lile ulilozoea kungojea, likapita tu. Kaburini mzee mmoja wa kanisa, tena aliyekuja kwa hiari yake, alisoma zaburi haraka haraka kama anayekimbizwa. Mzee Juma alikuwapo, mwenzako wa kibanda cha pili kule Kamukunji, alitoka Majengo alfajiri na kofia yake. Nilimwuliza kama kwao kungekuwa na la kusomwa. Akatikisa kichwa. "Binti yangu, mimi na babako tumekaa pale mpaka tumeota mvi. Hakuwahi kunipunja hata msumari. Lakini hata kwetu angewasumbua. Angemwuliza imamu maswali." Tukacheka wawili, halafu akalia, mzee mzima. Mama alituona tukicheka.

Nataka ujue kwamba sikusema ukweli kwa sababu mimi ni shujaa. Nilisema kwa sababu ulinilea hivyo, na wakati ule ulimi haukujua njia nyingine. Nilikuwa nikija kibandani likizo, nakuona unavyopoteza wateja. Mzazi anakuja na mtoto wake wa kidato cha kwanza, anataka sanduku la shule, anauliza, "Hili haliingizi maji?" Na wewe unamjibu kwa kelele, "Linaingiza!" Yule anaenda vibanda vya mbele, wanamwambia haliingizi, ananunua sanduku lile lile. Mimi nilikuwa nakasirika, naona umetunyima mkate. Wewe ulikuwa unarudi kwenye nyundo yako kana kwamba hakuna kilichotokea.

Na lile swali nililokuuliza nikiwa na miaka ya ujeuri, nikitoka darasa la kipaimara: kama huko juu hakuna mtu, sisi tunaishi kwa nini? Ulikuwa unakata bati. Hukuinua hata kichwa. Ukasema, "Uamke, ufanye kazi, usimwibie mtu, usimdanganye mtu, jioni ulale." Nikakuuliza kama ni hayo tu. Ukasema, "Jaribu kwanza hayo uone kama ni kidogo."

Nimejaribu. Naamka, nafanya kazi, siibi. Mama mzima nilishindwa kumdanganya mbele ya wazee wa kanisa. Na silali, Baba! Hilo la mwisho hukuniambia linapatikanaje. Jibu lako lilinitosha ulipokuwa hai, ukikohoa chumba cha pili. Sasa nalitazama naona ni jibu la mtu aliyekuwa na mke wa kumwombea. Ulikuwa na bahati ya kutoamini ndani ya nyumba ya mtu anayeamini kwa niaba yenu wote. Mimi sina huyo. Na siwezi kukimbilia kwa mchungaji, kwa sababu Mungu anayemfungia mtu nje kwa ajili ya vidole, naye nimemkasirikia. Mmeniacha katikati, wewe na yeye.

Mtaani wameniona mjinga. Mama Shiro anayeuza mboga pale kona alinishika mkono akaniambia, "Aki wewe Nyambu, kwani ungepungukiwa na nini? Si ungesema tu buda wako aliokoka, maneno iishe? Mathako na hiyo presha yake angekuwa sawa saa hii." Nilinunua sukuma wiki nikaondoka. Njiani nikagundua kwamba alichoniuliza mimi ndicho ninachokuuliza wewe.

Sasa sikiliza kilichonifanya nishike kalamu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa jikoni kwa Mama, namchemshia maji ya kukanda miguu. Akaja akasimama mlangoni, ameshikilia ukuta. Kwa mara ya kwanza tangu matanga akanitazama. Akasema polepole, "Nyambura, sitawaambia wazee. Sitamwambia mtu. Niambie mimi peke yangu. Huyo mtu, nitamwona tena?"

Hakuniuliza kama uliokoka. Hakuniuliza habari ya joho wala kiti cha mbele. Baba, sisi tulidhani ni aibu ya watu ndiyo inayomla. Mimi nilimhukumu hivyo kimoyomoyo, nikamwona mama anayetaka tu heshima ya kanisa. Kumbe alikuwa anahesabu atakavyokukosa kwa mara ya pili, na safari hiyo bila mwisho.

Nikafungua kinywa. Ukweli ukasimama pale pale ulipouweka. Nikamwambia, "Mama, maji yamechemka."

Akasema, "Haya." Akaketi, nikamkanda miguu, na machozi yake yakawa yanadondoka juu ya mikono yangu bila sauti.

Jumamosi hii narudi. Daktari hajaficha kitu, Mama hana muda mrefu. Ataniuliza tena, najua, na asiponiuliza nitamwambia mwenyewe. Nitamwambia kwamba mbele ya wazee nilisema kweli, hukutamka neno. Lakini baada ya uji, nilipokutajia jina la Bwana, uliutoa mkono chini ya blanketi ukanifinya, mara moja, kwa nguvu. Nitamwambia sikulisema siku ile kwa sababu niliona ni letu wawili tu.

Kasirika. Kama ulikuwa na haki, hupo popote, na hasira yako haina pa kukaa. Kama wao ndio wenye haki, basi mkaribishe akifika, usimwambie "Hapana" kwa sauti yako ile. Hii ni ahadi yangu kwako, na ndiyo ya kwanza ninayokuahidi nikijua ungeikataa.

Kwaheri, Baba. Uongo huu ndio wa kwanza nitakaomwambia Mama katika maisha yangu, na ataumeza wote bila kuuliza, kwa sababu anajua binti yako hasemi uongo.

Mwanao,
Nyambura