Hii Dawa Haiko Kinini

Lundi, 6/10
Damu tena. Kila lundi, kila Jumatatu, inaanza vile. Banavuta damu mu mukono, banaipeleka ku labo, tunangoja ku banki ya mbao. Labo ikisema damu iko na nguvu, banakupatia dawa. Ikisema hapana, unarudi ku nyumba. Mi sijarudishwaka. Damu yangu ni ya batu ba zamani.

Ugonjwa iko ku pankreasi. Kitu fulani nyuma ya tumbo. Miaka hii yote nimeilisha na sikujua kama iko. Sasa imeshika kanseri. Kupasua habawezi tena, docta alisema. Dawa ndiyo itaifunga kamba isitembee.

Dawa inapita mu serumu, ile chupa ya kutundika, mupaka mu mushipa. Infirmiere Nsimire, muuguzi wetu, eko na umri ya mujukuu wangu, anasema: nusu saa, hapana kupitisha. Haraka ya kwenda wapi? Mi nilibebaka magunia ku soko ya Nyawera, mbili mbili. Nilichimbaka dhahabu Shabunda. Malaria ilinikamata kule mupaka nikaongea na miti. Miti ikajibu. Balinitia kinini, dawa ya malaria, mu serumu, tone moja moja, tangu asubuhi mupaka jua kushuka, juu kinini ikikimbia inasimamisha moyo. Kila mutu wa huku anajua ile. Dawa kali inatembea pole.

Nsimire alipogeuka, nikazungusha ile karuleti ya plastiki, kigurudumu cha kupunguza mwendo, iko ku mupira wa serumu. Tone. Tone. Ikapita saa moja na zaidi. Akarudi, akashangaa, akaangalia sindano, akafinya mushipa. Mi nimefunga macho kama mutakatifu.

Jeudi, 9/10
Muchoko. Mudomo inauma ndani. Nilimwambia muke wangu, Maman Bahati, namna niliendesha serumu. Nilifikiri atanisifu. Akaendelea kuchambua maharagi.

Lundi, 13/10
Damu ilikubali. Kidogo tu, Nsimire alisema. Kidogo ni ndiyo.

Nikazungusha tena. Mu kiti ya pembeni kulikuwa Tonton Ramadhani, mufanya biashara wa Uvira, naye eko na serumu yake.
"Muzee, unafanya nini pale?"
"Naendesha gari."
"Na permis ya kuendesha?"
"Permis ilizaliwa nyuma yangu."
"Basi mimi nitashuka hapa hapa."
Tulicheka mupaka Nsimire akaja kuangalia. Mukono yangu ilikuwa imerudi chini ya kitenge.

Samedi, 18/10
Sili. Madoa madogo mekundu ku miguu. Nilisema ni viroboto. Maman Bahati akasema mu nyumba yake hakuna kiroboto. Akakasirika kweli.

Dimanche, 19/10
Kisha misa, baridi ikaniingia. Meno inapigana. Nikajua: malaria. Mi na malaria tunajuana, ni kama shemeji, inakuja bila kubisha. Nikaomba mubirizi, ile majani chungu, ichemushwe. Nilale, nitoke jasho, iishe.

Maman Bahati akanipima joto. Trente-neuf, thelathini na tisa. Akamwaga mubirizi inje.
"Infirmiere alisema nini? Joto ikipanda, hapo hapo hopitali. Hakusema kama ni malaria, ao kama si malaria. Alisema joto."
"Leo ni siku ya Mungu, mama."
"Mungu atatukuta kule."

Pikipiki moja, batu tatu. Mi katikati kama gunia. Mvua.

Ku hopitali banapima. Malaria: hakuna. Damu: mubaya. Askari ya damu, zile nyeupe, karibu zote zimeanguka. Hata zile zinafunga kidonda zimeshuka, ndiyo madoa ile. Balinitia antibiotike mu mushipa mara moja. Docta alisema ningelala na mubirizi yangu, kesho bangekuja kuniosha. Hakutabasamu.

Akauliza juu ya nini damu imeanguka vile. Maman Bahati akasema yote. Karuleti, kinini, gari, yote. Mbele ya batu. Ningekuwa na nguvu ningekimbia.

Nsimire hakulalamika. Akakaa ku kitanda. Akasema: kinini ukiikimbiza inaua, ni kweli, papa. Hii ni kinyume. Hii ikikaa sana mu mushipa, inakula damu yako zaidi. Dawa ni ile ile, kipimo ni ile ile, lakini inakuwa sumu kupita. Ndiyo maana nusu saa.
Nikamuomba arudilie tena. Mimi.

Lundi, 20/10
Hakuna dawa leo. Niko mu kitanda, nasikia bengine banaitwa. Tonton Ramadhani alipita mulangoni, akauliza kama gari ilipinduka. Sikucheka vizuri.

Docta alisema damu isipopanda, dawa itasimama. Ikisimama, ile kitu nyuma ya tumbo itatembea. Naogopa. Nimeandika ile neno na nitaiacha.

Vendredi, 24/10
Joto imeshuka. Balinirudisha ku nyumba. Wageni basinishike mukono, bakae mbali. Mwenye kikohozi arudi kwake. Maman Bahati amesimama mulangoni kama soda, askari wa zamu. Kaka yangu wa Katana alileta poda ya mizizi, ya kujenga damu. Maman Bahati akaenda nayo mara moja ku Nsimire kuuliza. Nsimire akakataa. Zamani ningekula kwa siri.

Lundi, 3/11
Tulifika mapema. Bakavuta damu. Kungoja ilikuwa ndefu. Sikusimulia kitu. Batu ba ku banki baliuliza kama niko mugonjwa.

Nsimire akatoka. Damu imekubali. Dawa bamepunguza kidogo.

Nilikaa. Akafungua serumu yeye mwenyewe, akabaki karibu. Ikaisha mu nusu saa. Akatoa sindano, akaweka pamba, akasema nifinye. Nikafinya.

Tulishuka kwa miguu mupaka ku barabara. Pole pole. Jua ilikuwa kali. Maman Bahati akanishika mukono mbele ya batu bote. Nikaiacha pale.