Aliyefungua Tangi la Kalundu

Kambi ya Lugufu, Kigoma
4 Oktoba 1998

Dada Sidonie,

Nawasalimu sana, wewe, shemeji Gratien na mwanenu Délice. Hamjambo nyumbani? Mimi mzima, isipokuwa malaria, ambayo hapa kambini ni jirani wa kila siku. Tunakula unga na maharagwe. Ndagala, dagaa wetu wa ziwani, nawaota tu.

Tangu nikimbie vita mwezi wa nane sina habari yenu. Mama Capitoline, yule muuza mitumba, amekubali kubeba barua hii. Niambie, bado mnateka maji pale pale ufukweni? Na upepo wa kusini ulivuma hadi lini mwaka huu? Usinicheke kwa maswali haya, ni hamu ya nyumbani.

Mdogo wako,
Donatien


Kalundu
29 Novemba 1998

Mdogo wangu Donatien,

Mungu asifiwe, uko hai! Nililia mbele ya Mama Capitoline mpaka akaona haya yeye. Sisi tunapumua. Délice alitapika juma zima, lakini amepona.

Umeuliza maji kana kwamba ulioteshwa. Alfajiri ya siku uliyokimbia, mtu alifungua robine, koki ya lile tangi la mazuti ya injini za mashua bandarini, alilokuwa akililinda Gratien. Yote yakaingia ziwani. Asubuhi yalikuwa yameelekea katikati, tukashukuru. Mchana upepo wa kusini ukayarudisha kwetu. Wengine wakamwaga sabuni ya unga, wakidhani yatatoka kama kwenye nguo, kumbe wanayatawanya. Ndipo wavuvi wakaunganisha vigogo vya migomba kwa kamba, wakazungushia mahali pa kuteka maji. Sisi wanawake tukatandaza majani makavu ya mpunga kutoka Luberizi, yakafyonza mazuti, tukayazoa kwa mabeseni na kuyafukia juu, mbali na maji. Wiki tatu! Ndagala walinuka mazuti hadi mwezi wa kumi.

Sasa watu wamemshikilia Gratien kwa lawama. "Weye njo ulikuwa mulinzi, weye njo unajua," wanamwambia. Wamemtoa kwenye ekipe, kikosi chake cha uvuvi. Mimi nikifika kuteka maji, wenzangu wananyamaza. Yeye anasema tu kwamba hakufungua. Wewe ulikuwa fundi wa mashua pale pale. Hukuona mtu?

Dada yako,
Sidonie


Lugufu
17 Januari 1999

Dada mpendwa,

Heri ya mwaka mpya, na poleni kwa yote. Mimi sijambo.

Sikuona mtu. Siku ile kila mmoja alikuwa akiangalia roho yake. Watu wataongea na watachoka. Mwambie shemeji avumilie, mvumilivu hula mbivu. Nimekutumia vipande viwili vya sabuni na kitambaa cha gauni la Délice.

Mdogo wako,
Donatien


Lugufu
25 Aprili 1999

Dada,

Salamu. Sijui kama mko wazima, maana hujanijibu miezi mitatu, nami nastahili.

Nilikudanganya. Ni mimi niliyefungua. Askari walikuwa wanakaribia, Gratien amekimbilia nyumbani kuwatoa ninyi. Nikawaza, wakiyapata mazuti haya watapanda mashua na kutufuata. Nilitegemea upepo wa mlimani uyapeleke kilindini kabla ya jua kupanda. Usidhani nilisahau kwamba mwezi wa nane upepo wa kusini ndio wenye nguvu. Mimi mtoto wa ziwa, nilijua. Nilijiambia tu labda siku hiyo hautavuma.

Hata kitambaa kile nilikutumia kwa aibu. Isome barua hii mbele ya wavuvi wote baada ya misa. Wanilaani mimi, shemeji apumzike.

Mdogo wako,
Donatien


Kalundu
8 Julai 1999

Donatien,

Tuko wazima sote. Barua yako imefika juzi.

Ingefika kabla ya Kwaresima, ningeisoma kwa sauti hadi Uvira mjini wasikie. Lakini wakati wa Kwaresima wanawake walimfukuza Délice majini na ndoo yake tupu. Kesho yake Gratien alisimama mbele ya wavuvi. Unajua desturi ya ufukwe wetu: aliyekosea ziwa akikiri mwenyewe, hupewa kazi, kisha husamehewa. Akasema, "Minye njo nilifungua. Munipe azabu minye, muache bibi na mutoto wateke maji." Akasugua mawe ya ufukwe mwezi mzima, peke yake. Halafu wakala naye ugali na samaki, wakamrudisha kwenye ekipe. Nami niliamini, Donatien. Mwezi ule wote nililala nikimpa mgongo.

Nilipomsomea barua yako hakushtuka. Siku ile alirudi kuchukua koti lake, akakuona umeinama kwenye robine. "Ningekuambia," akasema, "ungebaki bila ndugu."

Barua hatuisomi. Wavuvi wakijua, watasema aliwadanganya hadi kwenye msamaha, na hilo hawataliachilia. Msamaha wa kosa lile umekwisha kutolewa, na amepewa Gratien. Wako haupo. Yeye hana kinyongo, anakusalimu. Mimi ninacho, na sijui nianze kukasirika na wewe au na nafsi yangu.

Vita vikiisha, rudi. Wewe na Gratien mtavua pamoja katika ekipe moja. Watu watakuambia una moyo mkubwa, kupanda mtumbwi mmoja na mtu aliyetuharibia maji, nawe utawashukuru.

Dada yako,
Sidonie