Pacha Wangu Ananiita Mama

Mpendwa Bibi mshauri, shikamoo. Naomba unisikilize kabla hujacheka, maana mimi mwenyewe nilicheka kwanza ndipo nikalia.

Mimi ni mfua mashuka katika nyumba ya wageni, nina miaka arobaini na mitatu, na nina dada pacha ambaye ni karani, ukituona leo huwezi kuamini tulilala tumbo moja, kwa sababu baba alipofariki shangazi alikuja akasema ana nafasi ya kumsomesha mtoto mmoja tu, na sisi tulikuwa na jozi moja ya viatu tukivaa kwa zamu, siku ile ilikuwa zamu ya mwenzangu, basi shangazi akamchukua aliyevaa viatu, mimi nikabaki na mama na beseni la nguo za watu.

Simlaumu dada. Lakini nimekamua mashuka mpaka vidole havinyooki, mgongo unawaka, magoti yanalia nikipanda ngazi, na kila nikienda zahanati naambiwa, "Mama, ni umri huo," napewa vidonge vya maumivu, navimeza kabla ya kuingia kazini ili msimamizi asinione nikichechemea, maana anayechechemea huambiwa akapumzike kwao na harudi tena.

Sasa binti wa pacha wangu anaolewa. Wakwe walipokuja kwa dada kujitambulisha nilitoka jikoni na chai, baba wa kijana, mtu mwenye mvi zake, akainuka, "Shikamoo mama," kisha akamuuliza dada, "Huyu ndiye bibi wa binti?" Dada akasema, "Ndiyo, mama yetu huyo." Mama yetu tulikwisha kumzika, Bibi, nami nikaitikia marahaba.

Sasa dada anataka nikae kiti cha bibi siku ya harusi. "Pacha, ni siku moja tu," anasema, "usinivue nguo mbele za watu." Nikikataa nitaharibu harusi ya mtoto niliyembeba mgongoni, nikikubali nitakuwa nimejizika ningali hai. Nifanyeje?

Mfua Mashuka

*

Mwanangu Mfua Mashuka,

Marahaba. Hii yangu ni halali, nimeizeekea. Ile ya sebuleni kwa dada yako ulibebeshwa.

Mimi shule sikuiona, barua yako nimesomewa, na pale kwenye viatu nilimwambia msomaji anyamaze kwanza.

Naanza kukugombeza wewe, dada yako zamu yake inakuja. Vidonge vya kuficha kuchechemea ni dawa ya msimamizi, si yako. Mwili unapiga kelele, wewe unauziba mdomo. Tena acha kusema umezeeka. Miaka yako na ya pacha wako ni ile ile. Kilichokuzeesha ni maji baridi na ndoo na ngazi, na kulala ukimwogopa msimamizi, na kula wa mwisho. Shida hupanda mwilini kama unyevu ukutani, unapaka rangi, inatokeza tena. Mtaani kwangu nimezika wengi walioitwa wazee, nami niliwaona wakizaliwa.

Sikudanganyi, mwanangu. Vidole hivyo havitakuwa tena vya karani. Kilichokwenda kimekwenda, na kukilia ni haki yako.

Huyo dada yako, haoni haya juu yako. Anaona haya juu ya vile viatu. Akikutazama anaona mahali ambapo angekuwa yeye. Lakini aibu yake aibebe mwenyewe, wewe mgongo huna.

Kwa hiyo kiti cha bibi usikikalie. Dada aende kwa wakwe kabla ya harusi, kwa kinywa chake, aseme, "Yule ni pacha wangu, nilisema uongo." Wakiwa waungwana watacheka na chai itanyweka. Wasipokuwa waungwana, heri binti ajue mapema. Dada akikataa, mwambie binti wewe. Mgongo uliombeba hatausahau.

Na kabla hata ya nguo za harusi kushonwa, dada akupeleke hospitali kubwa. Asikutume, akupeleke. Muingie wote wawili, mkae benchi moja, bega kwa bega kama mlivyokuwa tumboni. Daktari akianza, "Mama, ni umri huo," wewe nyamaza. Dada yako ndiye aseme, "Daktari, tumezaliwa siku moja."

Halafu msiinuke mpaka ajibu.