Muhogo Uliosubiri Pua Yangu

Mwakeye, yaani habari za asubuhi, mjukuu wangu Neema,

Huku Heru Juu tu wazima. Asubuhi ukungu unakawia kutuachia, na babu yako bado anabishana na redio.

Umeniuliza mbona tangu uache kutengeneza ile programu ya simu kwa mkono wako, ukapewa watu wa kuwaongoza, kila kitu kinakwama mezani kwako. Nilipoisoma barua yako nilisikia harufu ya muhogo uliolowekwa.

Ujanani, kikundi chetu cha unga kilinichagua kiongozi kwa sababu ya pua. Nilijua kwa kunusa tu muhogo upi uko tayari kuanikwa. Basi hakuna aliyeutoa majini kabla sijapita. Mara moja mvua ilinizuia Kasulu siku mbili. Niliporudi niliwakuta wamekaa kando ya mapipa, wananisubiri. Muhogo wote ulikuwa umeoza.

"Mbona hamkuutoa?"

Mama Yusta, mkubwa wetu kwa umri, akajibu taratibu, "Pua tunazo, mwanangu. Hujawahi kutuomba tuzitumie."

Tulipoloweka tena, nilifunga mdomo. Kila mmoja alinusa, akaamua. Mimi nikawa nawasimulia tu habari za mama atakayenunua unga wetu sokoni, na watoto wake watakaokula ugali wake.

Miaka ikapita kama ukungu huu. Siku moja nikala ugali ugenini Kakonko, laini, mweupe. Mwenyeji akasema ni unga wa kikundi chetu. Niliutafuta mkono wangu ndani yake, sikuuona.

Neema, sijawahi kushiba vile.

Bibi yako